Harufu Chini ya Dashibodi

Sawabe ameileta tena Pajero yake,
ya mwaka tisini na moja, kijani iliyopauka,
milango imeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani
ili theluji ya Kushiro isitutupe mitaroni.
Asubuhi inawaka kwa ufunguo mmoja, anasema.
Ikishapata moto inashikwa na kigugumizi,
mshale unapanda, unashuka, unapanda,
kisha kimya, katikati ya daraja,
na walio nyuma wanapiga honi kwa adabu,
mara moja tu.

Plagi amebadilisha. Pampu ya mafuta amebadilisha.
Fundi wa kwanza alimuuzia koili,
wa pili akamuuzia matumaini.
Mimi ni wa tatu. Karakana yangu ina hita moja,
nayo inakaa upande wa mkono wangu mbovu.

"Samahani kwa harufu, Onodera-san,"
anasema kabla sijafungua mlango.
Miaka thelathini na minne anapasua samaki kiwandani.
Masae alikuwa akimwekea sabuni ya limau mlangoni;
Masae hayupo, mwaka wa tatu huu,
na sabuni bado ni ile ile.
Kwenye basi huchagua kiti cha nyuma kabisa.
Mjukuu wake hapandi gari hili:
"Babu, linanuka wewe."
Lisemwalo lipo. Alikubali, akainama,
akajifunza kuomba radhi kabla ya salamu.

Nikaunga waya kwenye soketi ya uchunguzi.
Taa ya njano ikakonyeza, ikakonyeza,
ikataja namba isiyomo kitabuni.
Nikapima. Volti tano zilizopaswa kusimama wima
zilikuwa zinapepesuka:
nne na nusu, tatu, tano, nne.
Basi si injini inayougua.
Ni anayeiamuru.

Nyuma ya kishubaka, skrubu nne,
sanduku la bati lenye unene wa kamusi.
Nilipoinua kifuniko, pua ilijua kabla ya macho.
Kapasita tatu, kila moja kama punje ya haragwe,
zimesimama kwenye uji wa kahawia
waliokuwa wakiutoa tumboni, tone kwa tone,
pengine tangu binti yake alipoolewa.
Njia ya shaba chini yake imeoza, kijani.
Nikagusa kwa ncha ya moto ya chuma cha kuchomea:
samaki. Samaki mtupu, wa juzi,
humu ambamo hakujawahi kuingia hata pezi.

"Sawabe-san, njoo unuse."
Akakataa. Nikasema tena.
Akanusa bodi. Akanusa viganja vyake.
Akarudi kwenye bodi.
"Si mimi?"
"Nyingine ni wewe," nikamjibu,
maana mteja hadanganywi.
"Lakini hii ya garini si yako."

Akakaa juu ya tairi bovu.
Hakusema neno kwa muda wote
niliokuwa nang'oa miguu sita midogo.
Kuvuja kwa pakacha, husemwa, ni nafuu ya mchukuzi;
huyu alikuwa amebeba mvujo wenyewe.

Nikasugua kwa spiriti na mswaki wa zamani.
Palipokatika nikaunga uzi wa waya.
Hasi kwa hasi: ukikosea hapa, inakupasukia usoni.
Kapasita mpya tatu, yeni mia mbili na arobaini.
Koili aliyouziwa bure, elfu kumi na nane.
Sikumkumbusha.

Tukaiacha ingurume dakika arobaini,
tukinywa chai, tukiutazama mshale.
Haukutikisika.
Akaomba zile mbovu. Nikamfungia kwenye bahasha,
akaandika juu yake jina la mjukuu
kwa kalamu yangu ya risiti.

"Harufu itaisha lini?"
"Viti vimeinyonya miaka. Ipitishie hewa."

Februari, nyuzi kumi chini ya sifuri.
Akaondoka polepole kuelekea darajani,
madirisha yote yakiwa wazi.